Mijusi wa Marikiti: wanavyogawana soko kama wachuuzi

UKITAKA kujua jinsi mijusi wanavyoishi jangwani, si lazima upande lori la Marsabit ukapigwe na vumbi la Chalbi kwa siku kadhaa. Shuka katika Barabara ya Digo mjini Mombasa, ingia Marikiti, kisha inua macho utazame ukutani.

Mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa Marikiti ni nini. Waingereza waliiita soko la Mackinnon, lakini jina lililokaa midomoni mwa watu ni Marikiti, na hata mgeni wa jana atakuelekeza kwa jina hilo hilo. Kwa wasiowahi kufika, hili ni soko kongwe lililo mlangoni mwa Mji wa Kale. Ndani yake na pembezoni utapata karibu kila kitu ambacho jiko la pwani hutaka: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, bizari, ukwaju, tende, nazi, ndimu na maembe. Nyuma yake vichochoro vinateremka kuelekea Bandari ya Kale na ngome ya Fort Jesus.

Sasa, msomaji mpendwa, penye tende na maembe hapakosi nzi, chungu wala mende. Na penye wadudu hapakosi mjusi. Wengi wetu tunampita kila siku bila kumtazama, na tukimwona tunatafuta fagio. Lakini mnyama huyu mdogo ana historia ndefu kuliko ya soko lenyewe, na ukimfahamu utaielewa hata nchi kame ya kaskazini ambako jamaa zake wamejaa tele.

SAA, MAHALI NA CHAKULA

Itazame Marikiti kuanzia alfajiri. Kwanza huja mikokoteni na hamali wanaoshusha magunia. Jua likipanda, wachuuzi wa mboga na viungo ndio wenye soko. Jioni, wengi wao wakifunika bidhaa zao, vichochoro vya Mji wa Kale huamka upya kwa moshi wa mishkaki, viazi karai na kahawa tungu. Kila mmoja ana saa yake, ana mahali pake na ana bidhaa yake. Ndiyo maana watu wengi hivyo wanaweza kupata riziki mahali padogo bila kupigana kila dakika.

Basi, mijusi nao wana mpango kama huo. Mtaalamu wa Marekani, Eric Pianka, aliyefariki mwaka 2022, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuwachunguza mijusi katika majangwa ya Marekani, Kalahari na Australia. Sehemu moja tu ya jangwa la Australia aliikuta ina aina zipatazo 40 za mijusi wanaoishi pamoja, ilhali katika majangwa ya Marekani ya Kaskazini hazikufika aina 12 mahali pamoja. Je, viumbe wengi hivyo huishije pamoja mahali ambapo hata majani ni ya kutafuta?

Pianka alieleza kwamba wanagawana mambo matatu: saa, mahali na chakula. Mmoja hutoka mchana, mwingine usiku. Mmoja hukaa mchangani, mwingine kichakani, mwingine mtini. Mmoja hula mchwa tu, mwingine hula panzi, mwingine huwala mijusi wenzake. Maneno hayo yalisemwa kuhusu jangwa, lakini yanaielezea Marikiti barabara.

ZAMU YA MCHANA

Tuanze na wale wa mchana. Jua linapopata nguvu, kwenye vigogo vya miti, nguzo na kuta utamwona mjusi mdogo sana, asiyezidi urefu wa kidole. Mwili wake ni wa kijivu, na dume huwa na kichwa cheupe au cha manjano chenye michirizi myeusi. Mwaka 1935 mtaalamu Arthur Loveridge, aliyewahi kufanya kazi katika jumba la makumbusho la Nairobi kabla ya kwenda Marekani, alimpa jina la kisayansi linalotokana na mji huu: Lygodactylus mombasicus. Kwa hiyo Mombasa ina mjusi anayebeba jina lake katika vitabu vya ulimwengu mzima, na watoto wetu hawajui!

Mjusi huyu ni wa jamii moja na yule wa darini usiku, lakini yeye amechagua kazi ya mchana. Chakula chake kikubwa ni chungu na wadudu wengine wadogo. Ana vikanyagio vya kunata chini ya vidole, na ajabu ni kwamba hata ncha ya mkia wake inanata. Ni kama mtu aliyepewa mguu wa tano.

Chini yake, kwenye ngazi, mawe na misingi ya nyumba, anapita mwingine mwenye ngozi laini inayong'aa kama aliyepakwa mafuta ya nazi, na mistari miwili ya rangi hafifu ubavuni. Huyu hanati ukutani kwa vikanyagio; hupanda kwa kucha. Yeye hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, nao huanza kujitafutia siku hiyo hiyo.

Na ukitoka Marikiti ukateremka hadi kwenye miamba ya pwani, kuna wa tatu mwenye maajabu zaidi. Ni mjusi mwembamba, mweusi mweusi, akimbiaye juu ya matumbawe yaliyolowa maji ya chumvi. Maji yanapokupwa hushuka kuwinda wadudu na viumbe wadogo wa jamii ya kaa. Yanapojaa hurudi juu. Anaishi kwenye ukanda wa pwani kutoka Somalia hadi Afrika Kusini. Jamaa zake wa karibu hawako bara kwetu, wako Australia na visiwa vya bahari ya Hindi na Pasifiki. Wataalamu wanaamini kwamba mababu zake walivuka bahari wakiwa wameshikilia magogo na takataka zilizoelea, muda mrefu kabla mtu hajachonga jahazi la kwanza.

ZAMU YA USIKU

Magharibi ikiisha kuadhiniwa na taa zikawashwa, zamu inabadilika. Sasa anatoka mjusi kafiri, yule wa rangi ya kijivu anayezidi kuwa mweupe chini ya taa hadi unaona kama damu yake inapita. Hujificha mchana kutwa katika nyufa za kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyuma ya milango, na juu ya boriti za mikoko zinazobeba dari za nyumba za Mji wa Kale. Usiku husimama karibu na taa kama mchuuzi aliyepata kona nzuri, akingoja wateja wamjie wenyewe: nondo, mbu, kumbikumbi na mende wadogo.

Watoto huuliza: mbona haanguki? Zamani watu walidhani ana gundi au ana vikombe vya kufyonza. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Kellar Autumn walipima mguu wa mjusi mkubwa wa Asia wa jamii hii. Walieleza kwamba mguu mmoja una nywele ndogo mno zinazokaribia 500,000, na kila unywele umegawanyika nchani mara nyingi tena. Nywele hizo zinakaribiana sana na ukuta hivi kwamba chembe za mguu na chembe za ukuta huvutana zenyewe. Hakuna gundi.

Mtazame pia machoni. Hana kope za kupepesa. Jicho limefunikwa kwa ngozi angavu kama kioo, na likiingia vumbi hulilamba kwa ulimi wake. Mayai yake ni mawili kila mara anapotaga, na ganda lake hukauka likawa gumu. Ganda hilo huyawezesha kukaa katika ufa mkavu wiki nyingi bila kunyauka.

Ngozi inayozuia maji kutoka, ganda gumu, kujificha wakati wa jua kali: hayo yote, msomaji, ni mambo ya jangwani.

KWA NINI JANGWA LIMEJAA MIJUSI

Mombasa hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Chalbi hupata sehemu ndogo tu ya hiyo. Lakini ukuta unaochomwa na jua la Februari, chini ya paa la mabati, hauna tofauti kubwa na jiwe la jangwani. Hauna maji, hauna kivuli, na saa sita mchana haugusiki. Kinachomwokoa mjusi hapa ndicho kinachomwokoa kule.

Kwanza, mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe. Sisi binadamu, paka na ndege hula kila siku ili tuuweke mwili katika joto moja, kama mtu anayewasha jiko usiku na mchana. Mjusi hukopa joto la jua na la mawe. Kwa hiyo chakula kinachomtosha panya siku moja kinaweza kumtosha mjusi wa uzito huo huo siku nyingi. Mwaka wa njaa, yeye hutulia shimoni akingoja.

Pili, hapotezi maji ovyo. Ukitazama kinyesi cha mjusi utaona kipande cheusi chenye ncha nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake! Ameukausha ukawa kama chokaa ili maji yabaki mwilini. Huko Oman, ambako vyombo vingi vilivyotia nanga katika Bandari ya Kale vilitoka, yuko mjusi mkubwa mwenye mkia wa miiba anayeitwa dhabu na Waarabu. Yeye hula majani, na chumvi iliyozidi huitoa puani. Wakazi wa jangwa wamemla tangu zamani.

Tatu, anajua saa. Kwenye jangwa la Namib kuna mjusi anayeinua miguu miwili miwili kwa zamu mchanga unapowaka, kisha huzama mchangani joto likizidi. Kwenye mawe ya Tsavo, ambayo msafiri wa Nairobi hupita kabla ya kufika Mombasa, dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu huota jua asubuhi, huingia kivulini adhuhuri, na hutoka tena alasiri. Hata wachuuzi wa Marikiti hufanya vivyo hivyo na miavuli yao.

WALIOKUJA NA WALIOKWENDA

Jua na maji pekee haviwezi kueleza ni mjusi gani anaishi wapi. Kuna jambo la nne, nalo ni vyombo vya watu. Kwa karne nyingi pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na pepo za kusi ziliyarudisha. Ndani yake mlikuwa na tende, mazulia, mitungi, boriti na pembe za ndovu. Katikati ya mizigo hiyo, mjusi na mayai yake mawili ni abiria asiyelipa nauli.

Mjusi kafiri wa kwetu amesafiri kuliko wengi wetu. Jina lake la kisayansi, Hemidactylus mabouia, alipewa mwaka 1818 kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibi, ng'ambo ya Atlantiki, ingawa asili yake ni Afrika. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba tunaowaita kwa jina hilo moja ni koo nyingi, wengi wao wakiwa mashariki na kusini mwa Afrika. Ni ukoo mmoja tu uliofika Amerika, na yaelekea ulibebwa na meli zilizofanya biashara ya watumwa. Historia ya uchungu imeandikwa hata ukutani, kwa mnyama asiyejua kusoma.

Nako Madagaska na Komoro yuko ndugu yake anayeitwa mercatorius, neno la Kilatini lenye maana ya mambo ya biashara. Jina hilo lingefaa kabisa kupachikwa mlangoni mwa Marikiti.

Wako pia wanaokuja kwetu. Mjusi wa nyumbani wa Asia amesambaa karibu bahari zote za joto, na amepatikana pwani ya Afrika Mashariki pia. Utamjua kwa sauti: hulia chak-chak-chak usiku, wakati wa kwetu ni mkimya zaidi. Katika visiwa vya Pasifiki, wataalamu wameona kwamba penye taa nyingi mgeni huyu huwasukuma wenyeji pembeni, kwa kuwa ana nguvu na ana mbio za kunyakua wadudu waliokusanyika mahali pamoja. Penye giza na nyufa nyingi, wenyeji hustahimili. Kwa hiyo taa tunazofunga na kuta tunazojenga ndizo zinazoamua nani apate kibanda sokoni.

JE, ANA SUMU?

Hapa ndipo mjusi anapouawa bila kosa. Utasikia kwamba akianguka kwenye chai, wanywaji wote watakufa; kwamba akikugusa utapata ugonjwa wa ngozi; kwamba mkia wake unaorukaruka unakulaani. Ukweli ni kwamba mijusi wa nyumbani mwetu hawana sumu. Wale waliojulikana tangu zamani kwa kuuma kwa sumu kali kwa binadamu ni wa jamii ya Heloderma, wanaoishi Mexico, Guatemala na kusini magharibi mwa Marekani.

Mkia unaokatika ni ujanja wa kuponea. Adui hubaki akiushangaa mkia, mwenyewe amekwisha kuingia ufani. Mwingine huota, ila ndani yake huwa na gegedu badala ya mfupa, na kuuotesha humgharimu akiba kubwa ya mafuta.

Hata hivyo tusipindukie upande wa pili. Kinyesi cha mjusi kinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Funika chakula, funika mtungi wa maji, na osha mikono. Chai iliyoangukiwa na mjusi imwage tu, lakini usimtangaze kuwa mchawi. Wako pia majirani wanaomwua kwa kufuata mafundisho ya dini yao. Hilo ni baina yao na walimu wao, na makala haya hayaliingilii. Tunayesema naye ni yule anayeua kwa hofu tu.

HATARI ILIYO MBELE

Mtu anaweza kuuliza: mijusi wote hawa, tuwahofie nini? Jibu linatoka tena kwenye nchi kame. Mwaka 2010 kundi la wataalamu lililoongozwa na Barry Sinervo lilitoa matokeo ya kurudi katika sehemu 200 za Mexico ambako mijusi walikuwa wamehesabiwa zamani. Tangu mwaka 1975, asilimia 12 ya makundi hayo yalikuwa yametoweka. Mijusi hawakuunguzwa na jua. Saa zao ziliibwa. Siku zilipozidi kuwa za moto, walilazimika kukaa kivulini saa nyingi zaidi, hasa msimu wa uzazi, na muda wa kula ukawa mfupi mno. Wanaozaa watoto hai walikuwa hatarini zaidi. Wataalamu hao walikadiria kwamba kufikia mwaka 2080, aina moja katika kila tano duniani huenda ikawa imetoweka ikiwa joto litaendelea kupanda.

Mfikirie mchuuzi anayefungua kibanda saa tatu na kulazimishwa kufunga saa nne kila siku. Bidhaa anazo, wateja wapo, lakini saa hana. Mwishowe ataondoka sokoni.

Hapa mjini tunaweza kumwongezea mjusi saa na mahali, au kumpunguzia. Ukuta wa zamani wa matumbawe una nyufa za kujificha. Ukuta wa saruji uliopigwa plasta laini hauna hata ufa mmoja. Mti mmoja penye kivuli unampa yule wa kichwa cheupe makao, chakula na mahali pa kukwepa joto. Ukiukata, umevunja soko zima. Nayo dawa ya kupuliza wadudu kila juma humwua mjusi mara mbili: kwanza kwa sumu, kisha kwa njaa. Halafu mende hurudi, na safari hii hakuna anayewangoja ukutani.

JUMAPILI NA WATOTO

Wazazi, hii ni ziara isiyogharimu zaidi ya nauli. Chukueni daftari na kalamu. Fikeni Marikiti asubuhi jua likiwa limepanda kidogo. Wasalimuni wenye vibanda kwa heshima na kuomba ruhusa kabla ya kuchungulia nyuma ya magunia yao. Hesabuni mijusi mnaowaona kwa saa moja, na kwa kila mmoja andikeni mambo matatu: ni saa ngapi, yuko wapi, na anakula nini. Laini mwenye mistari? Mdogo wa kichwa cheupe? Yuko juani au kivulini?

Teremkeni kisha hadi ufuoni maji yakiwa yamekupwa, mkamtafute mwembamba wa miambani. Usiku, mkisharejea nyumbani, kaeni chini ya taa ya nje mrudie hesabu hiyo hiyo, huku masikio yakingojea ile chak-chak-chak ya mgeni wa Asia. Msimkamate yeyote, kumshika ni kumnyima mkia wake. Wanafunzi wakifanya hivyo kila mwezi, kiangazi na masika, watakuwa na rekodi ambayo mtaa wao haujawahi kuwa nayo.

Na siku watakayofika Marsabit, wakaona mjusi amesimama juu ya jiwe linalowaka moto, hawatashangaa anaishije. Wataangalia saa, wataangalia kivuli kiko wapi, kisha watamtafuta mwenzake wa zamu ya usiku.